Rais kupigana vita bila ridhaa ya Bunge: inatosha kumshtaki na kumwondoa? Tuanzie Kambodia 1969

#1 Mchambuzi Kimya

Wakuu, salaam.

Kila Marekani ikirusha makombora mahali, haipiti saa tatu utamkuta mtu humu kaandika "huyu lazima ashtakiwe, kavunja katiba". Wiki ikipita, kimya. Leo naomba tulijadili kwa nyaraka na kura zilizopigwa, tuache mahaba na chuki za vyama vya huko.

Swali: anayoyafanya rais aliye madarakani wakati wa vita yanaweza kuwa msingi wa kumshtaki Bungeni na kumwondoa? Msimamo wangu: kikatiba yanaweza, ila vita yenyewe haijawahi kutosha. Kinachokaribia kutosha ni kulidanganya Bunge kuhusu vita hiyo, kama ilivyokuwa kwa mabomu ya siri ya Rais Nixon huko Kambodia, na hata hapo kuna kikwazo ambacho Bunge limejiwekea lenyewe.

Marais watatu wameshapigiwa kura ya kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi: Andrew Johnson 1868, Bill Clinton 1998, Donald Trump 2019 na tena 2021. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kupigana. Johnson alipona Seneti, ambako kesi huamuliwa, kwa kura moja (35 kwa 19, zilitakiwa 36), na kosa lake kubwa lilikuwa kumfukuza Waziri wa Vita, Edwin Stanton. Waziri wa Vita, si vita.

Katiba yao, Ibara ya 2 sehemu ya 4, inataja uhaini, rushwa, na "makosa mengine makubwa na mienendo miovu". Maneno hayo ya mwisho yaliingizwa kwenye mkutano wa kuandika Katiba, Philadelphia, tarehe 8 Septemba 1787. Mjumbe George Mason alisema uhaini na rushwa havitoshi, akamtaja Warren Hastings, aliyekuwa gavana wa Waingereza India na ambaye mashtaka yake London yalikuwa yanaendelea wakati huohuo. Mason alitaka yaandikwe maneno "uongozi mbovu". James Madison akapinga: neno pana namna hiyo litamfanya rais akae madarakani kwa kadiri Seneti itakavyopenda. Ndipo wakaafikiana hayo tunayoyasoma leo. Wiki tatu kabla, 17 Agosti, Madison huyohuyo na Elbridge Gerry walibadili mamlaka ya Bunge kutoka "kufanya vita" kuwa "kutangaza vita", ili rais abaki na nafasi ya kurudisha shambulio la ghafla bila kusubiri kikao. Ugomvi wote mnaousikia leo umelala katika badiliko hilo la neno moja.

Na huyo Hastings ana funzo lake. Mwaka 1786 Bunge la Uingereza lilipiga kura shtaka kwa shtaka. La vita ya kuwavamia Warohilla, watu wa kaskazini mwa India, lilianguka. Lililopita ni la namna alivyomkamua fedha mtawala wa Benares. Kesi ikaanza 1788, ikaisha 1795 kwa kuachiwa huru. Kwa hiyo tangu huko kwa mababu wa utaratibu huu, shtaka la vita ndilo la kwanza kudondoka.

Karibuni. Mwenye nondo azishushe.

#2 Ngosha_Mwerevu

Nimekaa mkeka wa mbele mkuu. Ila hapa sijaelewa. Si kuna ile sheria ya siku 60? Rais akizipitisha bila ruhusa tayari kavunja sheria. Kuvunja sheria si ndiyo kosa lenyewe, mnatafuta nini kingine?

#3 Wakili wa Mtaa

Mkuu Ngosha, swali zuri, ila hiyo sheria ina matundu manne, na kila rais tangu Nixon amepita katika angalau moja.

Kwanza yenyewe. Ni Azimio la Mamlaka ya Vita, lililopita 7 Novemba 1973 kwa kuishinda kura ya turufu ya Nixon: Baraza 284 kwa 135, Seneti 75 kwa 18. Linasema rais akipeleka majeshi kwenye mapigano atoe taarifa kwa maandishi ndani ya saa 48. Hapo saa inaanza kuhesabu siku 60. Zikiisha bila Bunge kutangaza vita, kuruhusu, au kuongeza muda, anatakiwa asimamishe. Ana siku 30 za nyongeza, lakini ni za kuwaondoa askari salama tu.

Tundu la kwanza ni barua yenyewe. Saa inaanzishwa na taarifa ya aina moja tu, ile ya majeshi kuingia kwenye mapigano. Marais wanaandika barua ndani ya saa 48 kweli, lakini wanasema wanaitoa "kwa kuzingatia" azimio, bila kutaja kifungu kinachowasha saa. Aliyekitaja waziwazi ni Gerald Ford, Mei 1975, kwenye tukio la meli Mayaguez, na wakati barua inafika operesheni ilikuwa imekwisha.

La pili ni neno "mapigano". Libya 2011: Obama alitoa taarifa 21 Machi, siku 60 zikatimia 20 Mei, ndege zikaendelea kuruka. Mwezi Juni serikali yake ikalieleza Bunge kwamba kwa kuwa hakuna askari wa Marekani ardhini, hatari kwao ni ndogo, na kazi kubwa imebebwa na NATO, basi hayo si mapigano kwa maana ya azimio. Mabomu yanaanguka, lakini hakuna mapigano.

La tatu, Mahakama ya Juu. Azimio lilikuwa limelipa Bunge uwezo wa kumwamuru rais aondoe majeshi kwa azimio la mabaraza mawili lisilohitaji saini yake. Mwaka 1983 katika kesi ya Chadha, iliyohusu uhamiaji wala si vita, mahakama ikasema Bunge haliwezi kutunga amri zenye nguvu ya sheria bila kumpelekea rais. Meno yakang'oka. Tangu hapo Bunge likitaka kumzuia linapitisha azimio, rais analipigia turufu, na Bunge linahitaji theluthi mbili kila upande. Maana yake rais anahitaji theluthi moja na mtu mmoja wa kumlinda katika baraza moja tu.

La nne ndilo baya kuliko yote: fedha. Angalia Kosovo. Tarehe 28 Aprili 1999 Baraza lilipiga kura kadhaa siku moja. Kutangaza vita: 2 kwa 427. Kuondoa majeshi: 139 kwa 290. Kuruhusu mashambulizi ya anga: 213 kwa 213, yaani imeanguka. Mwezi uliofuata wakapitisha fedha za hiyohiyo vita. Mashambulizi yakaenda siku 78. Mbunge Tom Campbell akaenda mahakamani, akaambiwa hana haki ya kufungua kesi maana Bunge lina njia zake. Libya ikawa vilevile: 24 Juni 2011 Baraza lilikataa kuruhusu, 123 kwa 295, na siku hiyohiyo likakataa kupunguza fedha, 180 kwa 238.

Sasa wewe ni mwendesha mashtaka, umesimama Seneti unasema rais alipigana bila ridhaa yetu. Wakili wa rais anainuka na hati ya matumizi mliyoipitisha ninyi. Unajibu nini?

#4 mtu_wa_Nakuru

Wakili umeongea kama mtu amelipwa. Lakini jameni, Kambodia ilikuwa tofauti, sivyo? Kule Bunge halikujua kabisa. Hebu tuelezeni vizuri maana wengi hujua tu Watergate, ile kashfa ya kuvunja ofisi za chama pinzani.

#5 Mchambuzi Kimya

Ndiyo maana nimeiweka kwenye kichwa cha uzi, mzee.

Operesheni iliitwa Menu. Ilianza 18 Machi 1969, miezi miwili baada ya Nixon kuapishwa, ikaisha mwishoni mwa Mei 1970. Ndege B-52 zilipiga kambi za Wavietnam wa Kaskazini zilizokuwa ndani ya mpaka wa Kambodia, nchi ambayo rasmi haikuwa upande wowote. Maeneo yalipewa majina ya milo: Kifungua Kinywa, Chakula cha Mchana, Vitafunio, na kuendelea mpaka kitindamlo. Ni zaidi ya miruko 3,600 na zaidi ya tani 100,000 za mabomu katika miezi 14.

Namna ilivyofichwa ndiyo kiini cha shtaka. Kulikuwa na mfumo wa taarifa mbili. Ombi la kawaida liliandaliwa kwa shabaha iliyopo Vietnam Kusini karibu na mpaka, likapitia ngazi zote za kawaida likaidhinishwa. Marubani wakaelezwa shabaha hiyo. Lakini B-52 usiku haioni inachopiga. Inaongozwa na rada ya ardhini inayowaambia wapite wapi na waachie lini. Kwa hiyo haikuhitajika kila mtu kwenye ndege ajue. Kwenye kituo cha rada cha Bien Hoa, Meja Hal Knight alikuwa analetewa kwa mjumbe maalumu karatasi yenye vipimo halisi vya Kambodia. Mafundi wanaingiza vipimo hivyo, ndege zinaongozwa kuvuka mpaka, mabomu yanaachiwa. Alfajiri Knight anachoma karatasi zote za usiku huo, anajaza taarifa ya uongo kwamba shabaha ya Vietnam Kusini imepigwa, kisha anapiga simu Saigon kuarifu kwamba kazi imekwisha.

Taarifa za uongo zikaingia kwenye kumbukumbu za siri za jeshi. Na kumbukumbu hizo ndizo Wizara ya Ulinzi iliyoipelekea kamati ya Seneti ilipoomba takwimu za mashambulizi. Zilionyesha sifuri kwa Kambodia. Gazeti la New York Times liliandika habari ya mashambulizi hayo Mei 1969, haikuvuma, na Ikulu ikaanza kunasa simu kutafuta nani kavujisha. Ukweli ulitoka Julai 1973 Knight alipotoa ushahidi mbele ya Kamati ya Majeshi ya Seneti.

Tarehe 31 Julai 1973 mbunge Robert Drinan wa Massachusetts, padri wa Kijesuiti, akawasilisha azimio la kwanza la kumshtaki Nixon. Msingi wake mkubwa ulikuwa Kambodia, sio Watergate. Wenzake waliona amewahi mno.

Mwaka mmoja baadaye Kamati ya Sheria ya Baraza ikapiga kura. Kuzuia haki: 27 kwa 11. Kutumia vibaya madaraka: 28 kwa 10. Kukaidi hati za kuitwa: 21 kwa 17. Halafu 30 Julai 1974 likaja la Kambodia, lililoletwa na mbunge John Conyers. Likaanguka 26 kwa 12. Warepublican wote 17 walikataa, na Wademocrat 9 wakaungana nao. La kodi zake binafsi nalo likaanguka kwa 26 kwa 12 hizohizo.

Someni lilivyoandikwa. Halikusema "alipiga Kambodia". Lilisema aliidhinisha na kuamuru Bunge lifichwe ukweli na lipewe taarifa za uongo kuhusu kuwepo, ukubwa na aina ya mashambulizi, na hivyo akapora mamlaka ya Bunge ya kutangaza vita, kutenga fedha na kugharamia majeshi. Conyers alijua vita yenyewe haitapita, akashtaki uongo. Na bado.

#6 Zuwena K

Hapa sikubaliani na namna mnavyoisimulia, kana kwamba lile shtaka lilikuwa dhaifu. Lilikuwa shtaka zito kuliko mengine yote ya Nixon. Kuingia ofisi za chama pinzani usiku ni wizi wa kisiasa. Kupeleka mabomu kwenye nchi nyingine miezi 14 na kufuta nyaraka ni kuondoa kabisa uwezo wa Bunge kufanya kazi yake.

Hoja ya "Bunge lilitoa fedha" haisimami kwa Menu, na Wakili unalijua hilo. Huwezi kuridhia kitu ambacho umefichwa. Ilisimama kwa Kosovo na Libya kwa sababu wabunge walikuwa wanaangalia kwenye televisheni. Kwa 1969 bajeti ilipitishwa kwa takwimu za uongo.

Utetezi uliobaki ni kwamba viongozi wachache walinong'onezwa. Kweli, maseneta Richard Russell na John Stennis waliambiwa, na Gerald Ford aliyekuwa kiongozi wa wachache Barazani pia. Lakini tangu lini watu wachache wakawa Bunge? Hawakupewa nyaraka, hawakupiga kura, na hawakuruhusiwa kuwaambia wenzao. Kumnong'oneza mwenyekiti wa kamati si kuomba ridhaa. Na angalia utamu wake: huyo Ford ndiye aliyeapishwa kuwa rais 9 Agosti 1974.

#7 Wakili wa Mtaa

Dada Zuwena, kwenye ridhaa tuko pamoja, Menu si Kosovo. Ila wale Wademocrat 9 hawakuwa wajinga. Walikuwa na shida tatu na zote ni za ushahidi na hesabu.

Ya kwanza, nani aliamuru taarifa za uongo? Kwamba Nixon aliamuru mashambulizi na usiri hakuna ubishi. Lakini ule utaratibu wa karatasi mbili ulibuniwa na maofisa wa jeshi, akina Kanali Ray Sitton, wakishirikiana na ofisi ya Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa Nixon, na ukapita kwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Wheeler. Hakukuwa na karatasi yenye mkono wa Nixon inayosema "jazeni uongo". Kwenye kuzuia haki kulikuwa na kanda za sauti yake mwenyewe. Weka mashtaka hayo mawili mezani pamoja, la Kambodia litaonekana la kubahatisha.

Ya pili, ukimshtaki Nixon kwa kuficha vita, Lyndon Johnson, Mdemocrat aliyemtangulia, je? Azimio la Ghuba ya Tonkin la Agosti 1964, lililomruhusu kupigana Vietnam, lilipita Seneti 88 kwa 2 kwa maelezo ambayo baadaye yalionekana hayana ukweli kamili. Wademocrat hawakutaka mlango huo ufunguliwe.

Ya tatu ndiyo iliyoamua. Mwenyekiti wa Kamati ya Sheria, Peter Rodino, alihitaji Warepublican kadhaa na Wademocrat wa Kusini ili mashtaka yasionekane ya chama kimoja. Watu hao walikuwa tayari kwa Watergate, ila wengi wao walikuwa wameiunga mkono vita. Kulazimisha Kambodia kungewatisha wakaondoka hata kwenye yale mengine.

Kwa hiyo kura ya 26 kwa 12 haikusema "kuficha vita ni halali". Ilisema "tuna njia nyepesi ya kumtoa huyu". Wanaoitumia leo kama mwongozo wa kisheria kwamba vita haishtakiki wanaisoma kombo.

#8 Ngosha_Mwerevu

Mmetisha. Na mahakama wakati huo zilikuwa likizo?

#9 Wakili wa Mtaa

Hapana, ila zilitoa kituko. Julai 1973 mbunge Elizabeth Holtzman alipata hukumu kwa Jaji Orrin Judd wa Brooklyn kwamba mabomu ya Kambodia ya wakati huo, awamu nyingine baada ya Menu, hayana msingi wa kikatiba na yasimame. Mahakama ya rufaa ikaizuia. Tarehe 4 Agosti Jaji William Douglas wa Mahakama ya Juu akairudisha, na siku hiyohiyo wenzake wakaizuia tena. Mabomu yalisimama 15 Agosti, kwa sababu Bunge lilikuwa limekata fedha kuanzia tarehe hiyo. Fedha ilifanya ambacho jaji hakuweza.

#10 mtu_wa_Nakuru

Na Clinton? Wazee wa hapa Kenya wanakumbuka 1998, bomu la ubalozi Nairobi na Dar tarehe 7 Agosti. Tarehe 17 akahojiwa kuhusu yule msichana, Monica Lewinsky, tarehe 20 makombora yakaangukia kiwanda cha dawa cha Al-Shifa Khartoum na kambi za Afghanistan. Watu walisema anatafuta vita ajifiche kashfa. Hilo halikuwa la kumng'oa?

#11 Mchambuzi Kimya

Lilisemwa sana, halikuandikwa kwenye shtaka lolote, na sababu ni nyepesi: kumshtaki kwa nia ni lazima uithibitishe nia. Shambulio la baada ya ubalozi lina sababu yake ya wazi, watu zaidi ya 200 wamekufa. Hata ukionyesha kwamba ushahidi dhidi ya Al-Shifa ulikuwa mwembamba, na ulikuwa mwembamba kweli, umethibitisha uamuzi mbaya. Madison alishalitoa hilo mwaka 1787.

Kilichotokea Desemba mwaka huo kinavutia zaidi. Baraza lilikuwa limejipanga kuanza mjadala wa kumshtaki tarehe 17. Tarehe 16 Clinton akaanza kupiga Iraq. Mjadala ukasogezwa siku moja tu. Tarehe 19 akashtakiwa, kura 228 kwa 206 kwa kusema uongo chini ya kiapo na 221 kwa 212 kwa kuzuia haki, na siku hiyohiyo mashambulizi yakakoma. Kwa hiyo ile hoja kwamba nchi haimgusi amiri jeshi mkuu mabomu yakiwa hewani ina jibu la kihistoria: ilimgusa, ila kwa kosa lingine kabisa.

#12 Ngosha_Mwerevu

Sawa, turudi karibuni. Iran Juni 2025. Hapo hakukuwa na ruhusa, hakukuwa na shambulio la ghafla dhidi ya Marekani. Kwa nini haikwenda popote?

#13 Zuwena K

Ilienda, ikazikwa ndani ya siku mbili. Fuata hatua uone inavyozikwa.

Mbunge yeyote mmoja anaweza kuleta azimio la kumshtaki rais, na linahesabika kuwa jambo la heshima ya Baraza, yaani lina kipaumbele. Akitoa notisi sakafuni, yaani mbele ya kikao kizima, Spika anapaswa kulipangia nafasi ndani ya siku mbili za vikao. Halihitaji kupita kamatini kwanza. Hapo watu wanadhani mlango uko wazi.

Lakini likifika sakafuni, mtu anasimama na hoja ya kuliweka kando. Hoja hiyo haina mjadala. Inahitaji wingi wa kawaida. Ikipita, limekufa, na hakuna aliyelazimika kusema kama rais alikosea au la. Njia ya pili ni kulipeleka Kamati ya Sheria likalale huko. Juni 2008 mbunge Dennis Kucinich alisoma mashtaka 35 dhidi ya George W. Bush, mengi yakihusu Iraq, saa kadhaa amesimama. Likapelekwa kamatini kwa kura 251 kwa 166, halikutoka. Ted Weiss wa New York alijaribu kwa Reagan kuhusu Grenada 1983, na Henry González wa Texas kwa Bush mkubwa Januari 1991 siku za kuelekea vita ya Ghuba. Yote yalilala.

Mashambulizi ya Iran yalikuwa 22 Juni 2025, ndege B-2 saba zikiangusha mabomu mazito 14 kwenye vituo vya nyuklia vya Fordo na Natanz. Tarehe 24 mbunge Al Green akaleta shtaka dhidi ya Trump. Likawekwa kando 344 kwa 79. Hesabu hiyo haifiki bila Wademocrat, na zaidi ya mia moja wao walipiga kura ya kulizika. Siku tatu baadaye Seneti nayo ikakataa azimio la seneta Tim Kaine la kumzuia kuendelea, 47 kwa 53.

Ukiuliza kisheria tu, shambulio la Iran lilikuwa shtaka safi kuliko Libya. Lakini shambulio lilikuwa la usiku mmoja, lilionekana dunia nzima, na barua ya saa 48 ilipelekwa. Hakukuwa na cha kuficha, kwa hiyo hakukuwa na uongo wa kushtaki.

#14 Mgeni wa Bandari

Yaani tuseme rais akitangaza wazi kwamba anavunja katiba yuko salama kuliko anayevunja kwa siri? Mambo ya ajabu hayo.

#15 Wakili wa Mtaa

Ndiyo hali ilivyo huko. Na tangu 1 Julai 2024 Mahakama ya Juu iliposema rais ana kinga ya jinai kwa mamlaka yake ya msingi, kumshtaki Bungeni ndiyo njia pekee iliyobaki kwa mengi ya haya. Tofauti ni kwamba Bungeni huhitaji kuonyesha kifungu cha jinai kilichovunjwa. Lakini unahitaji theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria, 67 wakiwa wote 100, na Jaji Mkuu akiongoza.

#16 mtu_wa_Nakuru

Nawapa kitu kimoja cha kulinganisha halafu niwaachie. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 145, inataja sababu za kumbandua rais: ukiukaji mkubwa wa katiba au sheria, utovu mkubwa wa maadili, na sababu nzito za kuamini ametenda uhalifu chini ya sheria ya taifa *au ya kimataifa*. Hayo maneno ya mwisho Wamarekani hawana. Kwetu rais akituhumiwa kwa uhalifu wa kivita, mbunge halazimiki kupitia mlango wa "mlidanganya Bunge". Anahitaji theluthi moja ya wabunge kuanzisha hoja, theluthi mbili ya wote kuipitisha, kisha theluthi mbili ya maseneta wote. Tanzania mko vipi?

#17 Mchambuzi Kimya

Kwetu ni ibara ya 46A. Taarifa ya hoja isainiwe na wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wote na ifike kwa Spika siku 30 kabla ya kikao. Theluthi mbili kuunda Kamati Maalumu ya Uchunguzi, mwenyekiti Jaji Mkuu wa Jamhuri, Jaji Mkuu wa Zanzibar ndani, na wajumbe saba. Taarifa yao isizidi siku 90, kisha theluthi mbili tena. Sababu ni kuvunja Katiba au maadili ya viongozi, mambo ya ibara ya 20(2) kuhusu vyama, na mwenendo unaodhalilisha kiti cha Rais.

Kuhusu vita, ibara ya 44 inampa Rais kutangaza, halafu anapeleka nakala kwa Spika, na Bunge linaitishwa ndani ya siku 14 kutafakari kama litaunga mkono. Ibara inamlazimisha Spika aitishe kikao. Kule Marekani hakuna anayelazimika kuitisha chochote, na hapo ndipo wabunge wao wanapojificha.

#18 Ngosha_Mwerevu

Swali la mwisho wakuu. Kama wewe ungekuwa Conyers leo, shtaka la vita lenye nafasi ya kupita ungeliandikaje?

#19 Zuwena K

Nisingeandika "alianzisha vita haramu". Ningetafuta karatasi tatu kabla sijaandika neno. Ya kwanza: swali la maandishi kutoka kamati ya Bunge, lenye tarehe. Ya pili: jibu la serikali lenye takwimu. Ya tatu: kumbukumbu za operesheni zinazoonyesha jibu lilikuwa la uongo siku lilipotolewa. Bila ya kwanza, mtaambiwa hamkuuliza, na kunyamaza kwa rais si uongo. Kambodia walikuwa nazo zote tatu.

Kisha ningetafuta ya nne ambayo wao hawakuwa nayo: waraka au ushahidi wa kiapo unaomweka rais mwenyewe kwenye uamuzi wa kudanganya. Halafu ningeangalia kalenda ya bajeti. Kama kuna kura ya fedha za operesheni hiyo baada ya ukweli kutoka, hiyo kura ishindwe kwanza ndipo shtaka liende sakafuni. Ikipita, nalifunga faili.

#20 Wakili wa Mtaa

Ongeza moja dada: liwe peke yake. Kucinich alileta 35 kwa mpigo, wabunge wakapata 34 za kujifichia. Na usiambatanishe na kashfa nyingine iliyo nyepesi kuthibitika, maana Rodino wako atachagua hiyo.

#21 Mgeni wa Bandari

Sasa hiyo kashfa nyepesi ikiwa ipo kweli, utaiacha?

#22 Zuwena K

Italetwa na mtu mwingine, asubuhi ya siku hiyohiyo, na shtaka lako litasubiri kama la Drinan lilivyosubiri. Alileta Julai 1973, likapigiwa kura Julai 1974 likiwa la nne kwenye orodha.